Kikao cha Jicho la Kushoto

Mie ni dalali wa vyumba, na siku hizi chumba kinauzwa kwa picha. Mteja hatoki Kijitonyama kuja Mbagala kuangalia choo cha nje kabla hajakiona kwenye simu. Basi jioni moja nilikwenda kupiga picha chumba kilichokuwa kinahamwa, jirani kabisa na anakopanga mdogo wangu wa kike. Umeme ulikuwa umekatika, nikawasha taa ya simu nikapiga za haraka, nikamrushia mteja. Akajibu palepale: "Chumba kizuri. Hapo mlangoni kuna paka?"

Hapakuwa na paka. Mlangoni alikuwa amesimama mpwa wangu, mtoto wa huyo mdogo wangu, wa miaka miwili na nusu, kidole mdomoni. Nikaikuza ile picha. Jicho la kulia lilikuwa jekundu kama macho ya watu wote kwenye picha za taa. La kushoto lilikuwa jeupe, linang'aa kama kioo. Nikapiga nyingine, maana mie kitu sikiamini kikija mara moja. Ikaja vilevile.

Nikamuuliza mama yake. Wala hakushtuka.

"Mbona nalijua, kaka. Tangu mvua za vuli."

"Ukafanya nini?"

Alikuwa amefanya kila kitu, kwa mpangilio ule tunaoufuata wote. Kwanza duka la dawa, akapewa matone. Matone yakaisha, akaenda zahanati, akapewa mafuta ya kupaka. Zahanati wakaona mafuta hayafanyi kazi, wakampa mafuta mengine. Halafu kituo kikubwa zaidi, ambako mtaalamu wa macho alikuwa anakuja siku moja ya wiki, na siku hiyo hakuja. Alipokuja, alimmulika mtoto, akaandika barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa mjini. Barua hiyo mdogo wangu alikuwa ameikunja vizuri akaiweka chini ya godoro, anasubiri mumewe arudi safari.

Sasa hapo nani nimkasirikie? Nilijaribu kumkasirikia yeye, ikashindikana. Alikuwa amegonga kila mlango aliouonyeshwa, na kila mlango ulimwambia akagonge unaofuata. Yule wa matone alimpa matone kwa sababu dukani kwake kuna matone. Nikabaki na hasira isiyo na mtu wa kuibeba, na hasira ya namna hiyo nzito kuliko friji ya mpangaji anayehamia ghorofa ya tatu.

Kesho yake tukaenda mjini wote watatu. Njia nzima nilikuwa naandaa sura yangu ya kupatana. Nilishajua nitaambiwa bei gani, nitashangaa vipi, nitageuka kuondoka saa ngapi. Tukampata daktari wa macho ya watoto, mwanamke wa makamo, mpole, ana tabia ya kuchuchumaa akiongea na mtoto. Alimpima, wakampeleka kwenye mashine, tukasubiri, tukarudi. Akatueleza kwa Kiswahili cha kawaida kabisa. Ndani ya jicho kuna uvimbe, ni saratani. Jicho lenyewe halioni tena. Kinachotakiwa ni kulitoa, na kulitoa sasa, kabla saratani haijapata njia ya kutoka nyuma ya jicho kwenda kichwani. Ikiwa bado imo ndani ya jicho, mtoto anapona na anakua kama wenzake. Ikishatoka, mazungumzo yanabadilika.

"Na gharama?" nikauliza, sura iko tayari.

"Kwa watoto wa saratani hapa hamlipi."

Nikauliza tena. Akajibu vilevile. Dalali akikosa bei ya kushusha anabaki kama fundi aliyesahau vifaa. Nikakaa pale mikono inaning'inia. Nikasema basi mama asaini, tumalize.

Mdogo wangu akaangalia sakafu.

"Siwezi, kaka. Mtoto ana kwao."

Daktari akamwambia taratibu kwamba mama ni mzazi, saini yake inatosha. Mdogo wangu akasema anajua inatosha hapo hospitali. Yeye anaongelea nyumbani. Akitoa jicho la mtoto wa watu bila wenyewe kujua, na likitokea lolote, atakuwa ni yule mwanamke wa pwani aliyemuuza mtoto kwa vipande.

Daktari hakubishana. Nadhani alikuwa ameshabishana sana na watu kama sie. Akatupangia siku ya upasuaji wiki inayofuata, akasema, "Nendeni mkaongee. Lakini mrudi."

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ni dereva wa malori ya makontena. Anapakia Kurasini, anapeleka Zambia, na akiwa kwenye foleni ya mpakani Tunduma ana muda mwingi wa kuongea na simu. Nikampigia nikamweleza yote. Nikasikia malori yanapiga honi nyuma yake.

"Braza, mie nakuelewa."

"Basi sema ndiyo, nimpigie daktari simu."

"Kaka yangu mkubwa hajui."

"Mpigie umwambie."

"Jambo kama hili haliambiwi kwa simu. Lazima aje, akae. Nikiamua mwenyewe, kwetu nitarudi na sura gani?"

"Utarudi na sura ya baba mwenye mtoto mzima."

"Braza, we ni mtu wa huko. Sie kwetu haiko hivyo."

Mie wa huku kweli. Huku tukiumwa tunakwenda hospitali halafu ndiyo tunagombana. Lakini si mke wangu, si mtoto wa ukoo wangu. Mie ni mjomba, na mjomba kwenye mambo haya ni kama dalali, anaongea sana na nyumba si yake. Kaka mkubwa akapigiwa simu, akaambiwa tu kwamba anahitajika Dar, kuna jambo. Akasema anakuja. Akamaliza kwanza kuvuna. Siku tuliyopangiwa upasuaji ikapita yuko bado kwao, na nafasi yetu akapewa mtoto mwingine, ambaye natumaini kwao hawana kaka mkubwa.

Alipofika, kikao kikawekwa nyumbani kwa wifi yake mdogo wangu, yaani dada wa shemeji, hapohapo Mbagala. Nilipoingia nikacheka mwenyewe kimoyomoyo, maana nilikuwa nimeshakaa kwenye chumba kile, kwenye jambo jingine. Miaka michache nyuma tulikuwa hapo tunapatana mahari. Na watu walikuwa wamekaa vilevile. Wao upande wa sofa, sie upande wa viti vya plastiki. Wifi amefunga kitenge kipya. Kaka mkubwa katikati, kofia magotini. Shemeji alikuwa kwenye simu, imewekwa spika, imeegemezwa kwenye chupa ya chai, naye yuko njiani anarudi, network inakuja na kukatika.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Karibuni. Haya, sisi tumeitwa. Tunataka kujua wenzetu mmetuletea nini."

Hapo nikaelewa kazi niliyonayo. Watu wa pande mbili wakikutana sebuleni, wanajua mchezo mmoja tu, na huo ndio waliokuwa wameanza kuucheza. Mmoja anaomba, mwingine anakataa kwanza, kwa heshima. Halafu wanashuka kidogokidogo mpaka wakutane katikati, soda zinafunguliwa. Mchezo huo naujua, umenisomeshea watoto. Sikuwahi kuuona ukichezewa jicho.

Nikaeleza. Niliongea pole pole, kama ninavyomweleza mwenye nyumba kwamba bati lake linavuja. Nikaweka picha za mashine mezani. Kaka mkubwa akazitazama kwa mbali bila kuzigusa.

"Mtoto wa kike," akasema mwishowe. "Bila jicho. Ataolewa na nani?"

"Mzee, ana miaka miwili na nusu."

"Miaka inakwenda."

"Inakwenda kwa aliye hai, mzee."

"Usinifundishe."

"Sikufundishi. Natamka tu."

Wifi akaingia kati. Ni mwanamke mzuri, nisimseme vibaya. Ndiye aliyekuwa anamlea mtoto mama yake akienda kwenye biashara yake ya maandazi. Akasema kanisani kwao kuna maombi ya wiki mbili yanaanza Jumapili, na kuna bibi upande wa Kisarawe ana dawa ya macho, amemponya mtoto wa jirani yake. Nikauliza mtoto wa jirani alikuwa anaumwa nini. Macho mekundu, akasema. Nikanyamaza, kwa sababu mdomo wangu naufahamu.

Kaka mkubwa akapokea lile kama mtu aliyepewa mto wa kuegemea. "Basi mimi naona hivi. Hospitali wamesema lao, tumewasikia. Na sisi tuna letu. Tusivutane. Maombi yaishe, dawa ya bibi tuijaribu, mwezi mmoja tu. Ikishindikana, tunarudi hapa hapa, tunakaa tena, na huenda tukawapa hilo jicho. Tukutane katikati."

Chumba kizima kikapumua. Hata simu kwenye chupa ya chai ikasema, "Kaka ameongea vizuri." Hata mdogo wangu akaitikia kwa kichwa, na nilimwona kabisa. Lilikuwa pendekezo la mtu mzima, lina adabu, kila upande umepata. Mie ndiye mtu wa kwanza mjini hapa kushangilia katikati. Nakula kwa katikati. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, mpangaji ana ya miwili, nawaweka kwenye minne, wote wananung'unika, wote wanalala vizuri.

Lakini uvimbe haukuwa umealikwa kikaoni. Wenyewe haukuwa na upande, haukukaa kwenye sofa wala kwenye plastiki, na mwezi ule tuliokuwa tunagawana pale ndio uliokuwa unautaka. Nikasema, "Mzee, hapo sishuki."

Wakanitazama kama nimetema mate sebuleni.

"Hushuki?"

"Sishuki hata siku moja."

Mtoto mwenyewe akaingia kutoka uani, miguu ina mchanga, akaenda moja kwa moja kwa baba yake mkubwa kwa sababu alikuwa mgeni na wageni wana vitu. Kaka mkubwa akachukua biskuti kwenye sahani, akamnyooshea, upande wa lile jicho la kushoto. Mtoto akaendelea kumtazama usoni. Mkono ukabaki hewani. Akausogeza karibu zaidi na shavu, mtoto hakuuona. Akauleta polepole mbele mpaka upande wa kulia, na hapo mtoto akaidaka biskuti akaondoka nayo.

Kaka mkubwa aliitazama mikono yake mwenyewe. Nilimwona akiwa amekwisha kukubali, nawaona watu kwa kazi yangu. Mteja akishaanza kuangalia wapi ataweka kitanda, chumba kimekwisha. Lakini kukubali ni jambo moja, na kushuka kutoka pale alipopanda ni jingine. Alihitaji ngazi.

Akakohoa. "Kuna jambo lingine. Mmemchukua mtoto wetu, mmempeleka akamulikwe mataa, akachomwe sindano, akaingizwe kwenye mashine. Ukoo haujui. Kwetu hilo lina faini."

"Sawa," nikasema.

"Sawa nini?"

"Tunatoa."

"Hujaambiwa ni nini."

"Chochote, mzee. Tunatoa."

Nilidhani nimemrahisishia. Kumbe nilifanya kosa ambalo hata kijana wangu wa kubeba funguo asingelifanya. Kaka mkubwa akajivuta nyuma kwenye sofa. Wifi akamwinamia sikioni, lakini alinong'ona kwa sauti ya mtu anayetaka asikike: "Mbona ana haraka hivyo? Hao wa hospitali wamemwahidi nini?"

Ni kweli, na mie ndiye niliyetakiwa kulijua kuliko wote. Mtu anayekubali bei ya kwanza anaficha kitu. Mteja akiniambia sawa kabla sijamaliza, usiku huo silali, nawaza amejua nini kuhusu nyumba ile nisichokijua. Na mjini kuna hadithi za viungo vya watu kuuzwa, kila mtu amezisikia, hakuna aliyemwona muuzaji.

Basi nikarudi kwenye kiti cha plastiki, nikakunja uso.

"Ingawa na nyie msizidishe. Ni faini gani?"

"Mbuzi. Blanketi la bibi wa mtoto. Na kitenge cha shangazi yake."

"Mbuzi wa nini, mzee? Mtoto anaumwa, hajapigwa mimba."

"Mbuzi."

"Mbuzi hapana. Blanketi sawa. Kitenge tutaongea."

"Kitenge hakiongelewi," akasema wifi.

"Wifi, hicho ulichofunga tulikileta sie siku ya harusi. Bado kipya."

Shemeji akacheka kwenye simu, kisha akakumbuka yuko upande gani akanyamaza. Tukaendelea hivyo. Sijawahi kupatana kwa hasira kama siku ile. Kila niliposema hapana moyo ulikuwa unasema mpe, mpe mbuzi, mpe na zizi, tuondoke. Lakini mdomo ulilazimika kuvuta, maana ningeachia kamba mapema wangeiona imelegea. Jicho la mtoto linaoza, na watu wazima wenye akili zao tunabishana blanketi liwe la sufu au lile jepesi. Mdogo wangu alikuwa ananitazama kana kwamba nimerukwa na akili. Sikuweza kumweleza mbele za watu kwamba hapo ndipo tulipokuwa tunakwenda kwa kasi kuliko siku zote.

Mbuzi aliondolewa. Blanketi zito na kitenge vikabaki, na kaka mkubwa akaongeza sharti moja la mwisho, kwamba daktari amweleze yeye mwenyewe, uso kwa uso, na kwamba atakayemshika mtoto mkono kuingia hospitali ni yeye. Hilo nilikataa kidogo, kwa adabu, halafu nikakubali.

Daktari alimchuchumalia mtoto, kisha akakaa akamweleza mzee mwanzo hadi mwisho. Mzee akawa anamwita daktari "binti", akauliza maswali mazuri tu, kuliko yangu. Akauliza jicho la bandia linavaliwaje na linabadilishwa lini mtoto akikua. Kama angekuwepo pale siku ile ya kwanza, mambo yangekwisha siku ile ya kwanza. Hilo ndilo linalonichosha mpaka leo. Hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa mbali tu, na aliambiwa mwisho.

Lakini nafasi yetu ya upasuaji ilishakwenda, na orodha ilikuwa imejaa watoto wa mikoani waliofika kwa mabasi, wengine macho yametokeza nje kiasi kwamba mama zao wamewafunika kanga. Tukasubiri tena. Tulipoitwa, jicho lilitolewa asubuhi, na jioni mtoto alikuwa anadai chipsi.

Siku ya majibu tulikwenda mie, mdogo wangu na kaka mkubwa, ambaye alikuwa bado hajaondoka, analala kwa dada yake na lile blanketi la faini. Daktari akasema upasuaji umekwenda vizuri. Ila walipochunguza jicho, wamekuta saratani imeanza kuingia kwenye mshipa unaotoka nyuma ya jicho. Kidogo. Sasa mtoto lazima apate dawa za kwenye mshipa wa damu, awamu kwa awamu, alazwe, arudi, alazwe tena. Kwa miezi.

Nikamuuliza swali lililokuwa limenikaa kooni. Je, kama tungekuja ile wiki uliyotupangia, ungeikuta bado imo ndani ya jicho?

"Siwezi kukuambia," akasema.

"Kadiria."

"Sikadirii hilo, kaka."

Nimemzungusha yule daktari kwa kila njia niijuayo, siku ile na nyingine, hajawahi kutaja. Kila mtu kwenye mji huu ana bei yake ya mwisho akibanwa, ila yeye. Inawezekana ilikuwa imeshatoka siku nyingi, tangu zama za matone na mafuta. Inawezekana ilitoka tukiwa sebuleni. Leo mtoto amemaliza dawa, nywele zimerudi nzito kuliko mwanzo, anavaa jicho lake la bandia akienda chekechea na kulivua akigombana na wenzake, ili awatishe. Anarudi kupimwa kila wanapomwita. Daktari anasema anaendelea vizuri, na mie kauli hiyo naijua, huwa naitumia kwa wenye nyumba ambao sina jibu lao.

Ila siku ile ya majibu, tukiwa bado mbele ya daktari, kaka mkubwa aliisikia ile habari ya dawa, akazungusha kofia mikononi. Hakuwa anakataa. Alikuwa anafanya anavyojua.

"Hili nalo ni kubwa," akasema. "Miezi mingi. Inabidi tukae."

Mdogo wangu, ambaye kikao kizima cha kwanza hakuwa amefungua mdomo, alivuta karatasi ya ridhaa upande wake wa meza. Akamwomba daktari kalamu.

"Kaeni tu, kaka," akamwambia mzee, anatafuta mahali pa kusaini. "Mkimaliza, mtanikuta wodini."